Mtetea wa Jasi

Siku ya kwanza ya mwaka watu wa El Alto, mji wa Bolivia ulio juu kabisa milimani, huamka na uchovu wa mkesha, na dawa yake ni mchuzi wa nguruwe wenye pilipili nyingi. Primitiva Yujra alikuwa amekwisha kupakua mabakuli matatu, la mumewe, la bintiye na lake mwenyewe, pale Noemí alipoanzisha mazungumzo ambayo mama mtu alikuja kuyatafuna moyoni kwa muda mrefu.

"Kila mtu ataje malengo matatu ya mwaka," Noemí alisema. "La familia, la afya na la kazi. Chuoni ndivyo walivyotufundisha. Baba, anza wewe."

Noemí alikuwa akisomea uhandisi huko Oruro, na kila likizo alirudi na jambo jipya. Likizo iliyopita alikuwa amewapigia marufuku chumvi. Wazazi walimwachia afanye atakavyo, maana mtoto alikuwa huyo mmoja, na hakuwa mtu wa kukaa.

Baba yake, Gualberto Limachi, alikuwa fundi wa kuchomelea milango na mageti. Kifua kipana, maneno mengi. Ukimuuliza habari za kazi, alikuwa tayari kukushika mkono akupitishe mtaa mzima akuonyeshe mageti yake. Asubuhi ile aliweka kijiko chini akautazama mchuzi.

"Familia, amani," alisema. "Afya, tumwachie Mungu. Kazi, tutaona."

"Tutaona nini?" Primitiva aliuliza.

"Tutaona tu, mama."

"Mzee, wewe? Mwaka jana ulisema utachomelea geti la uwanja wa mpira."

"Mwaka jana ulikuwa mwaka jana."

Primitiva naye akataja yake. Familia, Noemí amalize chuo. Afya, magoti yake yaache kulia akipanda ngazi. Kazi, ghorofa ya nne. Nyumba yao walikuwa wameijenga kidogo kidogo tangu walipooana: chini karakana ya Gualberto, juu yake chumba cha cherehani ambako Primitiva na mafundi wake wawili walishona pollera, zile sketi pana za marinda, na juu zaidi wanapolala. Ghorofa ya nne ilikuwa iwe duka lenye vioo, lenye jina lake. Walikuwa wameizungumza hiyo ghorofa hadi majirani wakaichoka. Alipoitaja sasa, alimtazama mumewe aone kama ataongeza neno. Gualberto alimega mkate.

Kisha, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, akasema, "Alasitas ya mwaka huu kila mtu anunue vyake. Na tusionyeshane mpaka vitimie."

Noemí akacheka, akasema wazo zuri. Primitiva hakucheka. Kila mwaka, tarehe ishirini na nne ya Januari, walishuka pamoja mjini La Paz, kwenye maonyesho hayo ya Alasitas, kununua vitu vidogo vidogo vya mfano wa yale waliyoyataka: nyumba ya kutosha kwenye kiganja, gunia la mchele lenye ukubwa wa kidole, gari dogo, shahada ndogo ya Noemí. Saa sita mchana mganga huvifukiza moshi na kuvinyunyizia kileo na maua, na mwenye navyo huvipeleka nyumbani avipange karibu na Ekeko, sanamu ya mleta neema, yule mzee mnene wa masharubu anayebeba mali zote mgongoni. Kwa miaka yote hiyo Primitiva ndiye aliyechagua na Gualberto ndiye aliyebeba. Leo ametaka kuchagua, na kuchagua kwa siri. Mtu na mkewe wana siri gani mbele ya Ekeko?

Siku ilipofika, walishuka pamoja wakaachana kwenye lango la maonyesho kama watu wasiojuana. Primitiva alinunua nyumba ya ghorofa nne na cherehani ndogo ya bati. Kisha hakwenda kwa mganga wake wa kila mwaka. Alijifunika shali, akashusha kofia, akapita nyuma ya vibanda akimtafuta mumewe.

Alimwona amepiga magoti mbele ya kigae cha moshi, macho ameyafumba, midomo inacheza. Hakuwa mtu wa kusali kwa kirefu. Mkono wa kushoto alishika sanduku dogo la safari, lile linalonunuliwa na watu wanaotaka kuondoka. Na mkono wa kulia, mganga akimnyunyizia maua ya njano, alishika kuku wa jasi, mweupe, kilemba chekundu. Mtetea.

Hakuna mtu wa nchi ile asiyejua maana yake. Msichana anayetaka mume hupewa jogoo. Mwanamume anayetaka mke hupewa mtetea.

Primitiva alirudi langoni akamsubiri. Gualberto alipotokea, mfuko wa karatasi kwapani, alimwuliza, "Umepata ulichotaka?"

"Tutaona," akasema.

Nieves, mama wa ubatizo wa Noemí, aliuza nyuzi na vitambaa mtaa wa pili, na habari ikifika kwake haikuondoka bila kuvishwa nguo. Primitiva alimweleza akiwa amesimama, akijifanya anachagua zipu.

"Sanduku na mtetea?" Nieves aliuliza.

"Nimeona kwa macho yangu."

"Na mtetea hanunuliwi, shoga. Hupewa. Mwanamke ndiye humpa mwanamume ili bahati ishike. Sasa jiulize, nani kampa?"

"Labda kajinunulia. Yeye hajui mambo hayo."

"Hajui, wakati amezaliwa hapa?" Nieves alikata uzi kwa meno. "Usikasirike, mimi nasema tu. Mtazame. Mwanamume akianza kujipenda, kuna mtu anampenda."

Basi Primitiva akaanza kumtazama, na mtu akitazamwa hakosi kuonekana. Gualberto aliacha bia. Ijumaa, mafundi wenzake walipomwita kutoka barabarani, aliwaambia tumbo halimkai sawa. Alianza kuvaa shati la mikono mirefu hata karakanani kwenye joto la moto, naye zamani alikuwa akichomelea na fulana iliyotoboka. Alihama kitanda. Alisema mgongo unamsumbua, akawa analala kwenye kochi, nusu ameketi, mito mitatu nyuma yake. Uso ulikuwa umemwiva ukawa mwekundu kama wa bwana harusi, na midomo ilikuwa na rangi ya zambarau, kana kwamba ametoka kunywa divai mahali.

Kisha kulikuwa na zile Alhamisi. Kila Alhamisi asubuhi alioga, akavaa koti la suti alilolivaa kwenye ubatizo wa Noemí, akasema anakwenda kupima geti la mteja upande wa chini wa mji. Alirudi jioni. Hakurudi na vipimo wala na malipo ya awali, lakini alirudi akiimba. Hilo lilimuuma kuliko yote. Siku nyingine zote alikuwa mzito, akisimama katikati ya ngazi kama aliyesahau kitu, akijibu kwa neno moja. Alhamisi jioni alipanda ngazi akiimba, akauliza kuna nini cha kula, akala, akataka tena.

"Geti la mteja huyo halimaliziki kupimwa?" Primitiva alimuuliza jioni moja.

"Ni geti kubwa."

"La kanisa?"

"Kubwa tu, mama. Watu wa chini wana mambo yao."

"Na mteja ni nani?"

Gualberto alipuliza chai. "Bi mmoja," alisema. "Ana bustani."

Primitiva alishuka chumba cha cherehani, akawaambia mafundi wake wapumzike, akashona marinda peke yake, mguu ukikanyaga hata pasipokuwa na kitambaa. Bi mmoja, ana bustani. Mtu husema uongo akasahau, akasema kweli kwa bahati mbaya.

Jumanne ya Kanivali kila nyumba hupambwa kwa karatasi za rangi na kumwagiwa kileo, ardhi inywe kwanza, kisha kuta, kisha vyombo vya kazi, kwa sababu chombo kisichonyweshwa kinaweza kukugeuka mwaka mzima. Gualberto alizimwagia cherehani zote, moja baada ya nyingine, akizipapasa kama mbuzi wa mnada, akisema, "Mfanyie kazi mama huyu, msimchoshe." Mafundi wakapiga makofi. Kisha akashuka, akapita mbele ya mashine yake ya kuchomelea, akaweka chupa chini na kwenda kunawa mikono.

Nieves alikuwepo, na Nieves halikumpita jambo. Alimkaribia Primitiva akamnong'oneza, "Umeona? Mtu asiyeinywesha mashine yake hana mpango wa kuitumia."

Alasiri hiyo, Gualberto alipotoka kuwapelekea majirani chupa, Primitiva aliingia karakanani. Haikumchukua muda. Nyuma ya mitungi ya gesi, kwenye kopo la misumari, alikuwa amefichwa yule mtetea wa jasi, amezungushiwa kitambaa safi. Sanduku dogo lilikuwa pembeni yake. Sanduku aliliacha. Mtetea alimweka juu ya fuawe, akachukua nyundo ya mumewe, akampiga mara moja. Kichwa kiliruka upande mmoja, mwili ukapasuka vipande. Alivirudisha vyote ndani ya kopo, akafunika, akapanda juu kugeuza nyama. Alijishangaa.

Vitu vya Alasitas havivunjwi. Kikivunjika chenyewe, ni mbaya. Kikivunjwa, hakuna anayejua, kwa sababu hakuna anayethubutu.

Gualberto aligundua siku ya pili. Primitiva alikuwa dirishani juu, akajua kwa namna kelele za karakana zilivyonyamaza. Alishuka nusu ya ngazi akachungulia. Mumewe alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, kitambaa kimefunguliwa mapajani, akijaribu kuunganisha kichwa na shingo ya kuku kwa mikono ile iliyozoea kushika vyuma vya moto. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesomewa hukumu. Primitiva aliuona uso huo akauhesabu kuwa ni huzuni ya mapenzi, na moyo wake ukazidi kuwa mgumu. Jioni Gualberto hakula. Hakuuliza nani amevunja. Hata hilo alilichukua kuwa ushahidi: mtu asiye na hatia angeuliza.

Alhamisi ya wiki iliyofuata alimfuata.

Gualberto alipanda kigari cha angani kinachoning'inia kwenye waya, naye Primitiva akapanda kigari cha pili nyuma yake, amebanwa kati ya mwanamke mwenye magunia ya chuño, vile viazi vya kukaushwa kwa baridi, na mwanafunzi aliyelala. Akavuka mji mzima juu ya mapaa. Walipofika kituo cha mwisho upande wa chini, Gualberto akaingia gari la kwenda Mecapaca, bondeni kabisa, ambako watu wa mjini huenda Jumapili kula samaki na kuota jua. Primitiva alipata gari la nyuma yake. Kadiri walivyoshuka, shali ilianza kuwa nzito, akaivua. Magoti yake hayakulia. Hilo hakulitia maanani.

Alimwona akigonga lango la mbao lenye bawaba zilizoota kutu. Mwanamke akafungua. Si msichana, umri wake ulikuwa kama wa Primitiva mwenyewe, mnene, nywele nyeusi amezisuka mikia miwili, aproni imelowa maji. Alicheka alipomwona Gualberto. Akamshika mkono akamwingiza ndani.

Primitiva alihesabu salamu za Maria, kama mama yake alivyomfundisha kufanya kabla ya kugombana, kisha akalisukuma lango bila kugonga.

Ndani kulikuwa na bustani ya ndimu na vitunguu, kuku wakitembea ovyo, na nyumba ndogo ya matofali ya udongo. Mwanamke alikuwa kwenye karo anaosha lettusi. Gualberto alikuwa kwenye kiti cha kamba chini ya ukuta wenye jua, koti la suti amelikunja magotini, mdomo wazi, amelala fofofo. Primitiva alisimama. Kwa miezi hakuwa amemsikia mumewe akipumua hivyo, polepole, mpaka mwisho wa pumzi. Nyumbani alipumua kama mbwa aliyekimbizwa.

"Karibu," mwanamke akasema, akijifuta mikono. "Unataka mboga au mayai?"

"Nataka mume wangu."

Mwanamke akamtazama toka kofia hadi viatu. "Ahaa," akasema. "Wewe ndiye Bi Primitiva. Keti. Mimi Delfina. Nilimwambia, bwana mkubwa, mkeo atakuja hapa siku moja na kisu."

"Sina kisu."

"Basi afadhali."

"Huwa anakuja kufanya nini hapa?"

"Hayo unayoyaona."

"Kulala?"

"Analala mpaka mchana, anakula supu, anatengeneza banda la kuku kidogo, anaondoka. Mara ya kwanza nilidhani amekufa kwenye kiti changu." Delfina akachukua lettusi nyingine. "Mimi sina shida na mtu anayelala. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa halali wala haondoki."

Primitiva hakukubali kulegea haraka hivyo. Alikuwa amesafiri na hasira yake kutoka juu kule, na mtu hawezi kuushusha mzigo kama huo mahali popote tu. "Nani alimpa mtetea?" aliuliza.

"Mtetea gani? Hapa ninao wengi, sijampa hata yai bure."

Sauti zao zilimwamsha Gualberto. Alimwona mkewe na hakushtuka. Alionekana kuchoka zaidi ya kushtuka. Alijisogeza kwenye kiti ampishe nafasi, ingawa kiti kilikuwa cha mtu mmoja.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja. Sasa sema. Na usiseme tutaona."

Akapandisha mkono wa shati. Kwenye pindi la kiwiko kulikuwa na alama za sindano, nyingine zimekuwa za bluu, nyingine za njano.

"Kila Alhamisi kabla ya kuja hapa napita kliniki," alisema. "Wananitoa damu. Damu yangu imekuwa nzito, Primi. Nyingi mno. Daktari anasema kule juu hewa ni chache, na mwili wangu umeogopa, unatengeneza damu juu ya damu. Ndiyo maana kichwa, ndiyo maana silali chali. Kuitoa kunasaidia siku mbili. Dawa yenyewe ni kushuka."

"Kushuka wapi?"

"Hapa. Au chini zaidi. Bi Delfina anapangisha ile nyumba ya nyuma. Nilitaka nyumba ndogo, kuku, kukaa kwenye jua. Ndiyo nikanunua sanduku na yule kuku."

"Gualberto, mtetea ni wa kutafutia mke."

Alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi nilitaka kuku," alisema. "Nikanunua kuku."

Delfina alicheka kwenye karo, akajizuia.

"Mbona hukuniambia?"

Gualberto alikunja mkono wa shati taratibu kuurudisha mahali pake. "Ulipotaja ghorofa ya nne pale mezani, nikaona nikisema utaacha kila kitu unifuate, au hutaacha. Yote mawili niliyaogopa. Nikasema nisubiri, labda damu itapungua. Halafu siku ile ya Kanivali kuku akavunjika mwenyewe ndani ya kopo, hakuna aliyemgusa. Nikajua. Nikasema basi, ishara imekuja, sitafika mwaka mwingine. Sikuona tena sababu ya kukusumbua."

Primitiva aliketi kwenye ukingo wa karo. Maji ya lettusi yalimlowesha pollera na hakujali. Alifikiria wiki ile nzima mumewe alivyokaa kwenye kochi akitazama dari, akisubiri kifo alichotumiwa na nyundo.

"Hakuvunjika mwenyewe," alisema. "Nilimvunja mimi."

"Wewe?"

"Kwa nyundo yako. Juu ya fuawe."

Kuku mmoja alipita kati yao. Kisha mabega ya Gualberto yakaanza kutikisika, na Primitiva alidhani analia, mpaka alipoiona midomo yake ya zambarau imetanuka. Alikuwa akicheka bila sauti, machozi yakimtoka, mkono kifuani.

"Wivu," alisema alipopata pumzi. "Kumbe wivu tu. Asante, Mungu wangu."

"Usinicheke."

"Nilikuwa nimekwisha kujichagulia jeneza, mwanamke. Acha nicheke."

Mtu mwingine angemkumbatia mumewe akamaliza hadithi hapo. Primitiva hakuwa mtu huyo. Njia nzima ya kurudi, wakipanda mlima pamoja, alimtazama kwa pembe ya jicho. Ugonjwa gani huu unaomwacha mtu Alhamisi akaimba? Na kliniki gani isiyompa mgonjwa hata dawa ya kunywa? Watu wameacha wake zao kwa visingizio vya kipuuzi kuliko hivyo. Kesho yake, bila kumwambia, alishuka peke yake kliniki, akakaa kwenye benchi mpaka daktari, msichana mwembamba mwenye macho ya usingizi, akakubali kumsikiliza.

"Ni kweli?" Primitiva aliuliza. "Niambie kama mwanamke kwa mwanamke. Anaumwa au amenichoka?"

Daktari alimtazama kidogo. "Kama amekuchoka sijui, mama, hilo halionekani kwenye damu. Anaumwa. Akiendelea kuishi kule juu na kuchomelea, siku moja damu itaganda kichwani au moyoni. Ashuke."

"Kwa muda gani?"

"Kwa muda wote anaotaka kuishi."

Alirudi akalala kitandani peke yake huku mumewe akikohoa kwenye kochi, akajiuliza jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, hata Nieves. Alijiuliza kama ingekuwa rahisi zaidi angemkuta na mwanamke. Mwanamke unamfukuza. Mlima unaufukuzaje? Na ile ghorofa ya nne, vioo vyake, jina lake, nani angemrudishia miaka aliyokanyaga cherehani kuisogelea?

Walizungumza kwa siku kadhaa, mara nyingine kwa kelele. Noemí alipigiwa simu, akasema lengo la afya hutangulia la kazi, mama yake akamwambia akasome. Mwishowe wakakubaliana hivi. Gualberto angeshuka baada ya Pasaka. Primitiva angebaki juu mpaka Juni, sikukuu kubwa ya wacheza ngoma ipite, maana hapo ndipo pollera za mwaka mzima huagizwa, na wateja wake walikuwa wakimtegemea. Baada ya hapo wangeona. Neno hilo lilimtoka yeye safari hii, akalisikia.

Miezi ile yote hakulala vizuri. Kila jioni alipiga simu Mecapaca.

"Uko wapi?"

"Nyumbani."

"Mbona kimya?"

"Kuku wamelala, mama. Unataka niwaamshe?"

"Delfina yuko wapi?"

"Kwake."

"Unajuaje kama yuko kwake?"

Gualberto alivuta pumzi ndefu, na yeye upande wa pili alisikiliza pumzi hiyo kuliko maneno. Ilikuwa ndefu kweli. Kila wiki ilikuwa ndefu zaidi. Hapo alitulia mpaka jioni ya pili, au mpaka Nieves atakapopita na kusema, mimi nasema tu.

Sikukuu ilipita. Wacheza ngoma walizungusha marinda yake mjini kote, na mwenye bendi mmoja akaagiza nyingine kwa mwaka ujao. Primitiva aliwaita mafundi wake wawili, akamkabidhi yule mkubwa ufunguo wa chumba cha cherehani, akamwonya kuhusu mambo yapatayo kumi ambayo yule fundi alikuwa akiyajua tayari. Jumatatu hadi Jumatano angekuwa juu. Siku zilizobaki, chini. Ghorofa ya nne hakuiuza wala hakuijenga. Nondo zake zilibaki zimesimama juu ya paa kama zilivyosimama kwenye nyumba nyingi za El Alto, na kila aliposhuka kwa kigari cha angani aligeuka akazitazama mpaka mlima ulipozificha.

Gualberto alimpokea kituoni. Uso wake ulikuwa umerudia rangi yake ya udongo. Alibeba cherehani begani, akapumzika njiani mara moja tu, akasema amepumzika kwa sababu anataka, si kwa sababu ameshindwa. Alikuwa ameanza tena kujisifu. Banda la kuku, alisema, bondeni kote hakuna kama lile. Majirani wanakuja kulitazama.

Mteja wa kwanza kule chini alikuwa Delfina. Alitaka pollera ya sikukuu ya mtakatifu wa bondeni, rangi ya waridi, ya kitambaa kinachong'aa, kwa kuwa alikuwa amealikwa kucheza na aliyemwalika hakumtaja. Alisimama katikati ya chumba, mikono juu, akizungumza bila kupumzika habari za bei ya vitunguu. Primitiva alimzungushia futi kiunoni. Alipima mara moja, akapima tena. Gualberto alipita dirishani na ndoo ya pumba, akawasalimu wote wawili kwa kichwa, na Primitiva alimtazama Delfina kuona atamtazama vipi. Delfina hakugeuka. Hata hivyo, Primitiva akaikaza futi kidogo zaidi ya ilivyotakiwa.

"Inabana," Delfina alisema.

"Itaachia," Primitiva akajibu, akaandika kipimo.